Tukimshuku Pogačar, tusiwasahau wale wa mkiani

Kila mwezi wa saba meseji zinazoingia kwenye simu yangu ni za aina moja. Mtu anatuma kipande cha video, Tadej Pogačar anainuka kwenye siti, anakanyaga pedali mara chache, wenzake wanabaki nyuma, alafu chini ya video swali lenyewe, huyu jamaa anatumia nini? Wananiuliza mimi kwa sababu nauza spea za baiskeli hapa Masaka na vijana wanaofanya mazoezi ya mashindano wanapitia kwangu kila siku, wanajua napenda baiskeli kuliko mpira, kwa hiyo wanadhani nina jibu mfukoni. Nimekuwa nikijibu kwa vipande vipande kwenye WhatsApp na siridhiki, leo nataka niyaandike yote maana hili jambo linaniuma, tena linaniuma upande ambao sioni watu wakiuzungumzia.

Tuanze na yeye mwenyewe. Pogačar ni Mslovenia, kazaliwa 1998, Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za wiki tatu kule Ufaransa, amechukua 2020, 2021, 2024 na 2025, na ule mwaka 2024 akachukua na Giro d'Italia, mbio kama hizo za Italia, alafu mwezi wa tisa akamalizia na ubingwa wa dunia kule Zurich, ambako alichomoka zikiwa zimebaki kilomita 100, kitu ambacho zamani mtu akikifanya watu walikuwa wanasema huyu amechanganyikiwa, subirini tutamkuta mbele amechoka. Hawakumkuta. Na hajawahi kukutwa na kosa kwenye kipimo hata kimoja. Hilo naliandika mapema kabisa kwa sababu kuna watu wakisikia neno dawa wanaruka moja kwa moja hadi kwenye hukumu, na mtu ambaye hajakutwa na kitu ana haki ya kutajwa hivyo, hajakutwa na kitu.

Sasa kwa nini watu wanashuku? Si wivu tu kama wengine wanavyosema. Tarehe 14 Julai 2024 Tour ilipanda Plateau de Beille, mlima wa karibu kilomita 16 kule Pyrenees, na Pogačar akaupanda kwa dakika 39 na sekunde 40 na kitu. Rekodi ya zamani ilikuwa ya Muitaliano Marco Pantani ya mwaka 1998, dakika 43 na nusu hivi. Yaani zaidi ya dakika 3 na nusu zimekatwa kwenye mlima mmoja. Na si yeye peke yake, Jonas Vingegaard wa pili na Remco Evenepoel wa tatu nao walipita chini ya muda wa Pantani siku hiyo hiyo.

Pantani huyo ndiye nani? Mwaka 1999 alitolewa kwenye Giro akiwa anaongoza, asubuhi, pale Madonna di Campiglio, kwa sababu damu yake ilikuwa nzito kupita kiwango kilichowekwa, chembe nyekundu zilikuwa asilimia 52 wakati mwisho ulikuwa 50. Na mwaka 2013 ripoti ya Seneti ya Ufaransa ikaonyesha kwamba sampuli zake za Tour ya 1998 zilipopimwa upya zilikuwa na EPO. EPO ni homoni inayoamuru mwili utengeneze chembe nyekundu za damu, chembe zikizidi oksijeni inayofika kwenye misuli inazidi, na mtu anapanda mlima bila kuishiwa pumzi haraka. Kwa hiyo swali la watu ni la haki kabisa: mtu aliyekuwa na EPO mwilini alitumia dakika 43, huyu wa sasa asiye na kitu anatumia 39, inakuwaje?

Majibu yapo na mengine yana nguvu. Baiskeli za sasa na za 1998 ni vitu viwili, mimi nazishika kwa mikono yangu hata kama zinazofika huku ni mitumba, rimu, tairi pana za upepo mdogo, mnyororo uliopakwa nta badala ya mafuta, nguo zilizopimwa kwenye upepo. Chakula kimebadilika zaidi. Zamani mwendeshaji alikuwa anakula kidogo akiogopa uzito, sasa wanakula wanga gramu 120 kwa saa wakiwa kwenye siti, tumbo linafundishwa kupokea sukari hiyo kama miguu inavyofundishwa, na mtu anafika kwenye mlima wa mwisho bado ana nguvu. Kambi za milimani, kwenye hewa yenye oksijeni kidogo ili damu ijiongeze, ni za kila mtu. Kila pedali inapima wati, yaani nguvu ya miguu. Haya yote ni kweli na anayeyapuuza hafuatilii huu mchezo.

Lakini Armstrong naye alikuwa na majibu. Hapo ndipo penye kidonda. Lance Armstrong alishinda mara 7 mfululizo, 1999 mpaka 2005, na kila akiulizwa alisema ni mazoezi, ni chakula, ni kukanyaga pedali haraka haraka, na amepimwa mara nyingi hajakutwa. Watu wakaamini, hata mimi niliamini kwa sababu hadithi ya mtu aliyepona kansa akarudi kushinda ilikuwa nzuri mno. Mwaka 2012 shirika la Marekani la kupambana na dawa michezoni likatoa faili lenye ushahidi wa watu 26, kati yao wenzake 11 wa timu, akanyang'anywa zote 7, na Januari 2013 akakaa mbele ya Oprah Winfrey akakubali kwa mdomo wake. Kabla yake Bjarne Riis, mshindi wa 1996, alikuwa ameshakiri mwaka 2007 kwamba alitumia EPO. Floyd Landis mshindi wa 2006 alikutwa na testosteroni akavuliwa. Timu ya Festina 1998 ilikamatwa na gari lililojaa dawa mpakani. Mtu aliyeng'atwa na nyoka akiona jani linatikisika anashtuka, na huu mchezo ulimng'ata mtazamaji miaka mingi, kwa hiyo asiambiwe leo kwamba kushuku kwake ni roho mbaya.

Kuna mambo mawili ya sasa hivi ambayo mimi yananisumbua zaidi kuliko hizo dakika za mlimani.

La kwanza ni ile gesi. Mwezi wa saba 2024 waandishi waliandika kwamba timu kubwa, ikiwemo UAE ya Pogačar na Visma ya Vingegaard, zinatumia kifaa cha kuvuta kaboni monoksaidi. Msomaji wa Uganda hahitaji kufundishwa hiyo ni gesi gani. Ni ile ya sigiri. Kila msimu wa mvua na baridi tunasikia familia imelala na sigiri ya makaa ndani, mlango umefungwa, asubuhi hakuna anayeamka. Gesi hiyo inang'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, inakalia nafasi ya oksijeni. Wanasayansi wanaitumia kidogo sana kwa kipimo, ukimvutisha mtu kiasi kinachojulikana alafu ukaangalia damu yake unaweza kuhesabu ana hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kiasi gani, na hivyo kujua kambi ya mlimani imemsaidia au la. Hiyo haikuwa kosa. Shida ni kwamba ukiivuta mara kwa mara mwili unadhani uko mlimani juu, unajitengenezea EPO wenyewe, chembe nyekundu zinaongezeka, na hakuna sindano wala kichupa cha kukamatwa nacho. Pogačar alipoulizwa mara ya kwanza akasema hajui ni nini, baadaye akaeleza kwamba ni kipimo kidogo walichofanya kambini. Vingegaard naye alikubali kwamba wanakitumia kwa kupima tu. Hakuna aliyethibitisha kwamba walikwenda zaidi ya hapo, naomba hilo lieleweke. Chama cha baiskeli duniani UCI kikapiga marufuku kumiliki vifaa hivyo nje ya hospitali kuanzia mwezi wa pili 2025, na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, wakaiweka gesi yenyewe kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa kuanzia 1 Januari 2026 kama haitumiki kwa vipimo.

Unaona mwendo wake? Kwanza kitu kinatumika, alafu mwandishi anakifichua, alafu inakuwa marufuku. Sheria inakuja nyuma. Kwa hiyo mtu akisema hajavunja sheria anaweza kuwa anasema kweli tupu na bado swali langu likabaki pale pale, unafanya nini ambacho sheria haijakifikia?

La pili ni watu waliokaa ofisini. Bosi wa timu ya UAE ni Mauro Gianetti. Mwaka 2008 huyo huyo alikuwa bosi wa Saunier Duval, na kwenye Tour ya mwaka ule mwendeshaji wake Riccardo Riccò alikutwa na CERA ambayo ni EPO ya kizazi kipya, timu nzima ikafunga virago ikaondoka. Mtu anaweza kubadilika, na kosa la Riccò si la Pogačar ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miaka 9. Lakini kama kweli mchezo unataka tuuamini, kwa nini viti vya mbele kwenye magari ya timu vimejaa sura za miaka ile? Mwendeshaji akikosa anafungiwa miaka 4, waliokuwa juu yake wanahama timu tu na jina jipya linapakwa kwenye basi. Hilo linanikasirisha na sitaacha kulisema.

Habari za mota kwenye baiskeli nitazipitia haraka kwa sababu vijana wanaipenda sana hiyo hadithi. Imetokea kweli, Januari 2016, Mbelgiji Femke Van den Driessche, baiskeli yake ilikutwa na mota kwenye mashindano ya dunia ya saiklokrosi, baiskeli za kwenye matope, akafungiwa miaka 6. Tangu hapo wanapima baiskeli kwa eksirei na vifaa vya sumaku. Kwenye barabara za Tour hakuna aliyekamatwa. Tuendelee.

Sasa nije huku kwetu, kwa sababu ukiwa Mganda au Mkenya hili swali halibaki Ulaya. Chris Froome, mshindi wa Tour mara 4, kazaliwa Nairobi, na aliyemfundisha kuendesha kwenye vumbi la Kikuyu ni David Kinjah, mtu ambaye vijana wa baiskeli Afrika Mashariki nzima wanamheshimu. Mwaka 2015 akiwa na jezi ya njano, ile ya anayeongoza Tour, Froome alisema mtu mmoja pembeni ya barabara alimmwagia mkojo akimwita mtumia dawa. Nakumbuka tulivyoumia, tuliona kama tumemwagiwa sisi. Alafu 2017 kwenye Vuelta ya Hispania kipimo chake kikaonyesha salbutamoli, dawa ya pumu, mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa, kesi ikavutwa miezi 9 na Julai 2018 wakamsafisha. Nani alikuwa sahihi, yule wa kikombe cha mkojo? Hapana. Huwezi kumtendea mtu hivyo kwa kuhisi tu. Lakini na sisi tuliokuwa tunamtetea kwa sababu tu ni wa Nairobi, je tungemtetea kama angekuwa Mmarekani?

Ruth Chepngetich ndiye alinifungua macho kabisa kwenye hili. Oktoba 2024 alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2 dakika 9 na sekunde 56, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya 2:10. Mwandishi mmoja akamuuliza pale pale kwenye mkutano wa waandishi, unawaambia nini watu watakaoshuku muda huu? Jamani, Kenya iliwaka, mpaka wabunge walitaka mwandishi aombe radhi, na huku kwetu watu walikasirika vile vile, kwamba Mzungu hawezi kuona Mwafrika akishinda bila kumtilia shaka. Mwezi wa tatu 2025 sampuli yake ikakutwa na HCTZ, dawa ya kukojoa inayoweza kutumika kufichia dawa nyingine, na Oktoba mwaka ule akafungiwa miaka 3. Rekodi ya Chicago imebaki maana sampuli ilikuja baadaye. Lakini lile swali lililotukera lilikuwa swali halali.

Na wa kwetu je? Februari 2025 Jacob Kiplimo, kijana wa Bukwo, alikimbia nusu marathoni Barcelona kwa dakika 56 na sekunde 42, sekunde 48 chini ya rekodi iliyokuwepo. Nilifurahi mpaka nikafunga duka mapema. Usiku nikasoma watu wa mbali wakiuliza, huyu naye anatumia nini? Ikanichoma. Lakini nikajiuliza, haya maneno yana tofauti gani na yale ninayotumiwa kuhusu Pogačar? Hayana tofauti. Kiplimo hajakutwa na kitu, Pogačar hajakutwa na kitu. Kama nataka Kiplimo aulizwe kwa heshima, apimwe, alafu aachwe apumue, basi na Mslovenia apewe hiyo hiyo. Na kama naona ni sawa kumdai Pogačar aonyeshe zaidi ya jina lake zuri, basi siku wakimdai Kiplimo nisipige kelele za ubaguzi. Kipimo kiwe kimoja.

Haya, upande ambao nilisema watu hawauzungumzii.

Mabishano yote ya dawa ni ya mbele, nani kamuibia nani jezi ya njano. Mimi naangalia nyuma, kwa sababu nyuma ndiko walipo watu wetu. Kwenye Tour kila siku kuna muda wa mwisho wa kufika, na huo muda unahesabiwa kwa asilimia ya muda wa mshindi. Fikiria vizuri hapo. Wa mbele akienda kasi zaidi, mlango wa nyuma unafungwa mapema zaidi. Yaani mtu mmoja akijidunga, aliyeibiwa si namba 2 tu ambaye ana mshahara mnono, aliyeibiwa ni yule namba 150 anayefika akiwa amechelewa dakika moja, anavuliwa namba mgongoni, anarudishwa kwao, na mwaka unaofuata timu haimpi mkataba. Huyo hana jina kwenye gazeti. Zile Tour 7 za Armstrong walipomvua hawakumpa mtu mwingine, nafasi ikaachwa wazi, na ni sawa tu, lakini wale waliofukuzwa na saa miaka ile nani aliwarudishia nini?

Kuna Mfaransa anaitwa Christophe Bassons. Alikuwa kwenye hiyo hiyo timu ya Festina, na polisi walipowahoji wenzake mwaka 1998 wakasema wenyewe kwamba Bassons ndiye hatumii. Mwaka 1999 akaingia Tour na timu nyingine, akawa anaandika safu kwenye gazeti kwamba anashangaa mwendo wa mbele. Armstrong akamfuata akiwa kwenye baiskeli, mbio zikiendelea, akamwambia aondoke kwenye huu mchezo. Waendeshaji wengine wakamnyamazia, hata wa timu yake. Akaondoka Tour kabla haijaisha, na 2001 akaacha kabisa. Msafi ndiye aliyefukuzwa. Kila nikisikia mtu anasema waacheni watumie wote ili wawe sawa, namkumbuka huyu bwana.

Mwaka 2025 nilishuka Kigali kuangalia mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, tulipanda basi hapa Masaka tukapita Mbarara, Kabale, Katuna tukavuka. Jumapili tarehe 28 Septemba tulisimama Kimihurura pale kwenye mawe, wanapita mara nyingi kwa hiyo unawaona mmoja mmoja kadri wanavyochoka. Pogačar alichomoka kwenye Mlima Kigali zikiwa zimebaki kilomita 104 na kilomita 66 za mwisho alikuwa peke yake. Alipopita kwetu nilimwangalia mdomo, ulikuwa wazi, mate yamekauka pembeni, kaptula ina mistari myeupe ya chumvi, mabega yanacheza. Hakuwa anaelea kama video zinavyoonyesha. Wiki moja kabla, kwenye mbio za kila mtu na saa yake, Evenepoel alianza dakika 2 na nusu nyuma yake na akampita barabarani, ile video sijatumiwa na mtu hata mmoja.

Lakini picha niliyobeba si yake. Mizunguko ya mwanzo walipita vijana wa Afrika, wa Uganda wakiwemo, na watu walipiga kelele mpaka sauti zikakauka, alafu kila mzunguko wanapungua. Kijana mmoja wa Afrika alikuja peke yake, zipu imefunguliwa mpaka tumboni, mnyororo unagonga kwenye mawe, gia ya mwisho kabisa na bado anasukuma kwa mwili mzima, gari linalofagia waliochelewa liko nyuma yake, na mama mmoja Mnyarwanda pembeni yangu anamwambia pole pole mwanangu pole pole. Mzunguko uliofuata hakuja. Njia ilikuwa kilomita 267 na nusu, mita zaidi ya 5,400 za kupanda, waliomaliza ni 30 tu kati ya zaidi ya 160. Sitaki kusema eti wangekuwa wote wasafi yule kijana angemaliza, mlima ni mlima. Nachosema ni kwamba yeye alilipa bei kamili na ana haki ya kujua kwamba waliomtangulia nao walilipa hiyo hiyo.

Kuna upande wa pili wa mkia na huu ndio unaonipa usiku mrefu. Siku moja dukani alikuja kijana tunayefanya naye mazoezi, ametokea upande wa Kasese, Kiswahili ndicho tunachoelewana, ana miguu mizuri sana kwenye kupanda. Akatoa mfukoni karatasi ya vidonge vimekatwa kwa mkasi, havina boksi.

"Mzee, hivi wameniambia vinatoa uchovu."

"Umevitoa wapi?"

"Duka la dawa tu, pale chini."

Nikageuza nyuma nikasoma, prednisolone. Ni zile zile dada zetu wanauziwa za kunenepesha, bila karatasi ya daktari, shilingi chache tu. Nikamuuliza kama anajua hiyo kitu ikiwa kwenye mkojo siku ya mashindano anafungiwa. Akaniangalia kama mtu anayeshangaa nauliza nini.

"Lakini mzee, si hata wale wa Ulaya wote wanatumia? Kila mtu anasema."

Banange. Hapo nikaona ile sentensi ya wote wanatumia inafanya kazi gani ikishafika chini. Mtu wa mbali anaiandika kwenye simu yake akiwa amelala kwenye kochi, haimgharimu chochote, ikifika kwa kijana wa miaka 19 asiye na kocha wala daktari inageuka ruhusa. Na yeye hatatumia na daktari pembeni kama walivyotumia wale wa Armstrong, atatumia kwa kukadiria. Prednisolone ukiizoesha mwili uso unavimba, mifupa inalegea, sukari inapanda, na tezi za mwili zinaacha kutengeneza homoni yake ya asili, ukiikata ghafla unaweza kuanguka. Tulikaa tukaongea mpaka jioni. Vidonge aliniachia.

Kwa hiyo mtu akiniuliza Pogačar anatumia nini, namjibu hivi. Hakuna ushahidi kwamba anatumia, na huu mchezo hauna haki ya kuniomba nimwamini kwa macho yaliyofumbwa, yote mawili kwa pamoja. Sampuli zinaweza kutunzwa na kupimwa upya mpaka miaka 10, hivyo ndivyo walivyojulikana wengi wa zamani, basi zitunzwe, na za Kigali pia, na hela za kuzipima upya zitengwe kabla mtu hajazisahau kwenye friji. Pasipoti ya damu ipo tangu 2008, inafuatilia damu ya kila mwendeshaji miaka nenda rudi, timu kubwa ziwape wanasayansi wasiolipwa nazo wazisome. Kila kifaa kinachoingia kambini kiandikwe kabla mwandishi hajakifichua. Na bosi ambaye timu yake ilifunga virago kwa sababu ya dawa akae mbali na vijana, hata kama ni rafiki wa nani.

Kwa huku Masaka nimeanza na kidogo ninachoweza. Orodha ya WADA inatoka upya kila tarehe 1 Januari na mtu yeyote anaipata bure mtandaoni, nimechapisha majina ya dawa zinazouzwa sana kwenye maduka ya hapa mjini ambazo zimo kwenye hiyo orodha, nimebandika ukutani karibu na pampu, na kijana akitaka kuanza dawa yoyote hata ya mafua aje kwanza tuangalie jina lake pamoja. Kama kuna muuguzi au mfamasia anayesoma hapa na yuko tayari kutupa saa moja Jumamosi asubuhi baada ya mazoezi, aniandikie, vijana wana maswali mengi kuliko ninavyoweza kuyajibu mimi.